Uso wa Mchimbaji Usipotee Tena

Tazama picha za wachimbaji wadogo wa kanda yetu zinavyopigwa. Mbingu imeungua, imekuwa nyeupe tupu. Lundo la mchanga linang'aa. Na mtu aliyeinama juu ya chekeche ni doa jeusi lisilo na macho. Kofia inaonekana, koleo linaonekana, uso haupo. Tumezoea mpaka tunadhani jua la Shinyanga ndivyo linavyotaka. Nakataa, na nataka wewe kijana wa Maganzo mwenye simu janja mfukoni ukatae pamoja nami.

Tatizo hili lina hesabu yake. Saa saba mchana, jua la wazi humwaga juu ya ardhi mwanga wa laksi 100,000 hivi. Ingia chumba cha bati chenye dirisha dogo, utakuta laksi 100, pengine pungufu. Hiyo ni tofauti ya mara elfu. Wapiga picha huipima kwa stopu, na kila stopu ni mwanga kuongezeka maradufu. Mara elfu ni stopu 10. Ongeza shati jeupe lililo juani na ngozi nyeusi iliyo chini ya kofia, hesabu inazidi kupanda, na picha moja ya kawaida ya simu haiwezi kubeba yote hayo. Jicho lako linaweza kwa kuwa linajirekebisha kila linapohama. Kamera hupima mara moja, ikashika hapo ilipopima, na kinachobaki nje ya kipimo hicho kinapotea.

Basi usipige picha moja. Piga tatu, za mahali palepale, bila kusogea. Ya kwanza ipunguze mwanga kwa stopu mbili, mawingu yabaki na umbo lake. Ya pili iache ilivyo. Ya tatu iongeze stopu mbili, uso uliojificha kivulini ujitokeze. Programu itaziunganisha ziwe picha moja yenye mwanga mpana kuliko kioo cha simu au karatasi inavyoweza kuonyesha. Ndicho kinachoitwa HDR. Kisha inakuja kazi ya kupanga toni: kuukunja upana huo mpaka ukae kwenye kioo, huku macho ya mtu yakibaki macho na wingu likibaki wingu.

Wazo hili ni la kale. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga mbingu kwa negativu moja na bahari kwa nyingine, kisha anazichapa pamoja. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walionyesha namna ya kukokotoa mwanga halisi wa mahali kutokana na picha kadhaa za kawaida. Mwaka 2010 iPhone ikapata kitufe cha HDR. Leo programu ya Open Camera ni ya bure kwa simu za Android, na kwa mwenye kompyuta ipo Luminance HDR, bure vilevile. Kisingizio cha fedha kimepungua sana.

Maganzo ni mahali pazuri mno pa kujifunzia. Wakati wa mavuno ya pamba wilayani Kishapu, una weupe mkali juu ya udongo mweusi wa mbuga, ndani ya fremu moja. Una mlango wa duka la bati, mteja amesimama kizani na barabara ya Mwanza inawaka nyuma yake. Una dalali wa almasi, na mezani kwake jiwe dogo ambalo upande mmoja unapofua macho na mwingine ni giza. Omba ruhusa kwanza, kwa jiwe na kwa mwenye jiwe; akikataa, heshimu.

Mchekechaji ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu mikono yake haitulii na maji yanaruka. Ukiunganisha picha tatu za mtu anayesogea, atatokea na mikono minne. Mwombe atulie kidogo, au kama simu yako inaruhusu, piga faili ghafi (RAW) moja na uvute vivuli humo humo. Simu iegemeze ukutani, kwenye gogo au kwenye kiti cha pikipiki. Mkono mtupu hutikisika.

Na usilewe vitelezi vya programu. Ukipanga toni kupita kiasi, mwanga wa ajabu unazingira kichwa cha mtu, mbingu inakuwa ya kijivu kama moshi, ngozi inageuka bati. Ngozi yetu imeteseka vya kutosha. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, na ni juzi tu, 2021, Google ilipotoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kwamba imeirekebisha kamera yake kwa ajili ya ngozi nyeusi. Wewe umekua ukizitazama nyuso hizi. Unajua weusi wa babu yako una wekundu gani jua likizama. Kipimo hicho kiamini kuliko mashine.

Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui ulio jirani yako, ilichimbwa almasi ya waridi ya karati 54.5. Ilipewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi, ikakatwa ikabaki karati 23.6. Jiwe hilo linajulikana dunia nzima na limepigwa picha kwa taa nzuri na kwa uvumilivu. Wanaochekecha kokoto leo wanastahili taa hiyo na uvumilivu huo, na hakuna aliye karibu nao kukuzidi.

Usingoje kamera kubwa wala semina ya Dar es Salaam. Kesho saa saba, wakati ambao kila fundi wa picha atakwambia uweke kamera chini, toka. Mtafute mtu mmoja aliye kivulini, msalimie, mwombe ruhusa, piga tatu. Zikiharibika, rudi keshokutwa. Ikipatikana moja ambayo macho yake yanaonekana na mawingu yapo, ichapishe na umpelekee mwenyewe.