Kipimo Kabla ya Hukumu

Mtu anayemshuku jirani yake huona mengi. Mlango ukifungwa mapema, huona siri. Mtu akikohoa usiku, huona ishara. Je, kushuku ni vibaya siku zote? Hapana, mlinzi wa usiku huajiriwa kwa ajili hiyo. Swali ni hili: mwenye kushuku ana wajibu gani kabla ya kunyosha kidole?

Jibu moja latoka angani, ingawa chanzo chake ki karibu nasi. Urani ya Shinkolobwe, huko upande wa Likasi, ilitumika katika bomu lililoangamiza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Tangu hapo mataifa makubwa yakaogopana. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti ziliagana zisijaribu tena mabomu hayo hewani, wala majini, wala huko juu angani. Lakini agano halikuondoa shaka. Mwaka uleule Marekani ilirusha setilaiti za kwanza za Vela, ziizunguke dunia kwa mbali na kuvizia miale ya gama, kwa maana bomu la atomiki likilipuka hutoa miale hiyo.

Tarehe 2 Julai 1967 miale ikaja. Ingekuwa rahisi kupiga kelele kwamba Warusi wamevunja agano. Wataalamu wa Los Alamos hawakufanya hivyo. Walitazama jinsi miale ile ilivyopanda na kushuka, wakaona haifanani na ya bomu. Basi wakaiweka habari, wakangoja setilaiti nyingine zenye saa sahihi zaidi. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kwa hiyo miale iliyoigusa setilaiti hii huchelewa kidogo tu, chini ya sekunde, kuigusa ile ya pili. Kwa kupima kuchelewa huko walijua upande ilikotoka: si duniani, wala si kwenye jua. Mwaka 1973 Klebesadel, Strong na Olson walitangaza milipuko 16 ya namna hiyo. Jirani aliyeshukiwa hakuwa na hatia.

Baadaye ilijulikana kwamba milipuko hiyo yatoka mbali mno, nyota kubwa zinapokufa au mabaki ya nyota yanapogongana. Darubini ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004, iliwekewa maelfu ya vipande vya risasi mbele ya vipimio vyake. Kivuli cha vipande hivyo huonyesha miale imetoka wapi. Habari zake ziliteremshwa Malindi, pwani ya Kenya. Ule mlipuko wa tarehe 9 Oktoba 2022 ulikuwa umesafiri miaka kama bilioni 2 hata kutufikia.

Sasa turudi Lubumbashi. Mtoto akifa ghafula, wako wanaomtafuta mchawi kabla ya kuuliza habari za ugonjwa. Bibi kizee asiye na mtetezi, au yatima, hufukuzwa nyumbani kwa hukumu ya usiku mmoja. Wale wa Vela walikuwa na adui wa kweli, mwenye mabomu ya kweli, na hata hivyo walingoja miaka sita.

Labda utasema: Wao walikuwa na mashine, sisi hatuna. Ni kweli. Lakini kilichomwokoa jirani si mashine peke yake. Waliuliza kama jambo lenyewe lafanana kweli na lile waliloliogopa. Wakatafuta shahidi wa pili. Wakanyamaza mpaka wajue. Kwa hayo matatu haihitajiki setilaiti. Ndugu msomaji, linda nyumba yako, uliza, ngoja. Wala usimfukuze mtu kwa jambo ambalo hujalipima.