Filamu Irithini, Ugomvi Uacheni

Wanangu, na ninyi wajukuu zangu,

Nimewasikia mkibishana juu ya filamu za Star Wars. Ubishi wenyewe sina neno nao, kwani mtu habishanii kitu asichokipenda. Kinachonisumbua ni maneno yanayopenya katikati ya ubishi: fulani si shabiki wa kweli, fulani kaja juzi tu, filamu ile imeharibu kila kitu, mwigizaji yule afukuzwe. Maneno hayo hamkuyatunga ninyi. Yalianza kusemwa Marekani kabla wengi wenu hamjazaliwa, yakapokezanwa kutoka rika hadi rika, na njiani yakaumiza watu. Ninachowaomba leo ni kimoja: ipokeeni hadithi, mkatae kurithi ugomvi wake.

Nianze na asili, maana asiyejua jambo lilikotoka huyumbishwa na kila apigaye kelele. Tarehe 25 Mei 1977 filamu ya kwanza ilianza kuonyeshwa katika kumbi 32 tu za Marekani. Aliyeiandika na kuiongoza, George Lucas, alikuwa na miaka 33, na ni wachache waliotarajia kwamba ingevuma. Ilivuma kiasi kwamba kampuni ya Kenner, iliyopewa kazi ya kutengeneza wanasesere wake, haikuwahi Krismasi ya mwaka ule. Ikauza bahasha ya karatasi ngumu yenye hati ndani: hati itumwe kwa posta, na wanasesere wanne wangemfikia mtoto mwaka unaofuata. Fikirini mtoto anayefungua zawadi ya sikukuu akakuta ahadi, naye akaipokea kwa furaha.

Kizazi hicho cha kwanza kilijua kungoja. Mwaka 1980, katika filamu ya pili, adui mkuu Darth Vader alipomwambia shujaa Luke kwamba yeye ndiye baba yake, watoto wale walikaa miaka mitatu wakiulizana kama ni kweli au ni hila, kwa kuwa jibu lilikuja katika filamu ya tatu, 1983. Siri ile ilifichwa hata kwa waigizaji. Mtu aliyevaa vazi la Vader alipewa maneno mengine ya kusema, na Mark Hamill, aliyemwigiza Luke, alinong'onezwa ukweli muda mfupi kabla ya kamera kuwashwa. Wengi wenu mliijua siri hiyo kabla hata ya kuiona filamu. Wao si bora kwa sababu walishtuka, wala ninyi si pungufu kwa sababu hamkushtuka. Nyumba ni moja, mmeingilia milango tofauti.

Sasa angalieni lawama zilivyozunguka. Filamu ile ya 1980, ambayo leo mashabiki wengi huitaja kuwa bora kuliko zote, ilipotoka mhakiki wa gazeti la New York Times hakuiona kuwa nzuri kama ile ya kwanza. Mwaka 1983 waliokuwa na miaka kumi walipoanza walikuwa wamefikisha kumi na sita, na wengi wao waliwacheka Ewok, wale viumbe wadogo wenye manyoya, wakisema hayo ni mambo ya watoto wachanga. Wadogo zao waliwapenda. Ilipofika 1999, watoto wa kwanza walikuwa watu wazima. Wapo waliokesha foleni kwa wiki kadhaa nje ya kumbi za sinema ili wawe wa mwanzo kuiona The Phantom Menace, na baadhi yao wakatoka wamenuna. Lakini ndani ya ukumbi uleule alikuwamo mtoto wa miaka minane aliyeona mashindano ya magari yapaayo juu ya mchanga, akamwona Darth Maul akiwasha upanga wa mwanga pande zote mbili, na moyo wake ukachukuliwa. Mtoto yule ndiye aliyekwenda sinema Aprili 2025, Revenge of the Sith ya 2005 ilipoonyeshwa upya kwa kutimiza miaka 20. Umati ulijitokeza kutazama filamu ambayo wakubwa zao waliwahi kuibeza.

Basi shikeni hili kwanza. Filamu iliyokukuta ukiwa na miaka kumi hukaa ndani yako mahali ambapo nyingine haitafika. Hiyo ni kazi ya umri, na umri haumpi mtu cheo. Ukishalielewa hilo juu yako mwenyewe, mpe na mwenzako haki hiyohiyo. Aliyeanza na The Force Awakens ya 2015 ana Rey wake kama vile baba yake alivyo na Luke. Na kabla ya kutoa hukumu ya mwisho juu ya filamu mpya, subiri waliotengenezewa wakue waseme wenyewe.

Pili, tenganisheni kazi na mtu. Kusema kwamba hadithi imelegea, kwamba mazungumzo hayana ladha, kwamba mwisho umeharakishwa, hiyo ni haki yenu, tena ni akili. Kumwandama mtu aliyefanya kazi yake ni dhuluma. Jake Lloyd alikuwa mtoto alipomwigiza Anakin mdogo, ambaye baadaye anakuwa Vader, mwaka 1999. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba wenzake shuleni walimtesa kwa kejeli, na aliacha uigizaji. Ahmed Best, aliyempa Jar Jar Binks mwili na sauti, alieleza mwaka 2018 kwamba chuki ile ilimfikisha ukingoni mwa kujiua. Mwaka huohuo Kelly Marie Tran, binti wa wakimbizi kutoka Vietnam aliyeigiza katika The Last Jedi, alifuta machapisho yake yote ya Instagram kwa kuchoshwa na matusi, mengi yakilenga asili yake na umbo lake. Watu hawa hawakuandika hadithi. Hawakuwa na neno katika maamuzi ya studio. Walichokifanya ni kusimama mbele ya kamera.

Tazameni pia kilichofuata. Mwaka 2022 Hayden Christensen, aliyewahi kudhihakiwa kwa uigizaji wake wa Anakin kijana, alirudi katika mfululizo wa Obi-Wan Kenobi, na waliomshangilia ni wale waliokua naye. Mwaka 2023 Ahmed Best alirudi katika mfululizo wa The Mandalorian akiwa Jedi aliyemwokoa Grogu, mtoto anayependwa mno miongoni mwa wahusika wa siku hizi. Nilifurahi kuliona hilo. Hata hivyo, shangwe za leo hazimrudishii mtu miaka aliyoipoteza, kwa hiyo msijifariji kwamba matusi yatafidiwa baadaye. Uzuieni ulimi wakati ule ule unapowasha.

Tatu, jueni tofauti ya kuhifadhi na kufuta. Mwaka 1988 George Lucas alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga watu kuzigeuza filamu za zamani. Miaka tisa baadaye, mwaka 1997, akazitoa upya filamu zake tatu za kwanza zikiwa na mabadiliko. Katika nakala ya 1977 Han Solo, akiwa mezani katika baa na mwindaji Greedo, ndiye anayefyatua silaha. Katika nakala mpya Greedo anatangulia kufyatua akakosa, na Han akaonekana anajitetea tu. Ni sekunde chache, lakini zinamgeuza mtu kabisa, maana mlaghai anayejali usalama wake tu amefanywa muungwana kabla safari yake haijaanza. Mashabiki walidai nakala ya kwanza iendelee kupatikana, na mimi naona walidai haki. Filamu ile tayari ilikuwa imeteuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1989 kuwa miongoni mwa zinazostahili kutunzwa. Msanii ana ruhusa ya kuongeza, lakini kumbukumbu ya watu isifungiwe kabatini.

Linganisheni na mwaka 2017, pale watu wengi walipotia saini kuitaka Disney, kampuni inayomiliki filamu hizi, iiondoe The Last Jedi katika hadithi rasmi. Hapo mambo yamepinduka. Wa kwanza walitaka kitu kiwepo, hawa wakataka kitu kisiwepo, ingawa wapo wanaokipenda. Mkijikuta katika mabishano, jiulizeni mko upande upi. Anayetetea uwepo wa anachokipenda ana hoja. Anayetaka kufuta cha mwenzake hana.

Nne, ijueni kazi kwa undani, maana ujuzi huipa mapenzi adabu. Mngurumo wa zile ndege za Himaya, dola ya Vader, ziendazo kasi ulibuniwa na Ben Burtt kwa kuchanganya mlio wa tembo na sauti ya gari linalopita kwenye barabara iliyolowa. Mvumo wa upanga wa mwanga ulitokana na mota ya projekta na mnguno wa televisheni. Jangwa la sayari ya Luke ni la Tunisia, katika bara letu hili. Zile roboti mbili zinazogombana njia nzima ziliazimwa kutoka kwa wakulima wawili katika filamu ya Akira Kurosawa ya 1958, The Hidden Fortress. Na Maz Kanata, bibi kizee mwenye miwani mikubwa wa filamu za karibuni, ni Lupita Nyong'o, Mkenya wetu. Anayejua kwamba hata filamu ya kwanza iliazima kwa wazee waliotangulia hatawacheka wadogo wanapoiga kutoka kwayo.

Tano, mapenzi yenu yafanyeni kazi. Mwaka 1997, Albin Johnson wa Carolina Kusini alianzisha Jeshi la 501, chama cha watu wanaojitengenezea mavazi ya askari wa Vader, ambao hutembelea watoto wagonjwa hospitalini na kuchangisha fedha za misaada. Binti yake mdogo aliugua saratani ya ubongo, akafariki mwaka 2005. Wapenzi wengine wanaojiundia roboti kwa mikono yao walitengeneza moja ya rangi ya waridi kwa ajili yake. Roboti hiyo inaonekana kwa muda mfupi katika filamu ya 2015. Hao nao ni mashabiki, wamepata hasira na masikitiko kama wengine. Wamechagua tu pa kuzipeleka nguvu zao.

Wanangu, kiini cha hadithi hii ni mtoto aliyekabidhiwa vita vya baba yake. Mwaka 1983 Luke anasimama mbele ya baba aliyeshindwa, ana kila sababu ya kumwua, naye anautupa upanga. Hamwezi kuisifu filamu yenye kitendo hicho huku mkiendeleza chuki msizozianzisha.

Mei 2027 filamu ya kwanza itatimiza miaka 50, na kwa hakika mtaketi kuitazama na watoto wadogo. Msiwaambie mapema kipi kizuri na kipi kibaya. Wakimcheka Jar Jar kwa raha, waacheni wacheke. Wakiipenda ile msiyoipenda, waulizeni wameona nini humo, kisha nyamazeni mwasikilize mpaka wamalize.