Deni la Mashine Isiyokuwako

Je, aliyebuni mashine isiyopata kuwako anadaiwa ukweli wowote? Swali hili humkabili msanii apakaye rangi mifano midogo ya plastiki ya stimpanki, sanaa iwaziayo dunia ambamo mvuke wa karne ya 19 haukupinduliwa na petroli wala umeme.

Mwanagenzi huivika mashine nzima shaba ya njano, kwa kuwa yapendeza. Lakini kila metali ina tabia yake, kama watu. Boila lililostahimili shinikizo la mvuke liliundwa kwa mabamba ya chuma yaliyofungwa kwa ribiti. Shaba nyekundu ilifaa mabomba, kwani hupitisha joto upesi. Shaba ya njano, ambayo ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, ilitengewa koki na geji, kwa kuwa hailiwi na kutu. Alumini, kabla ya mbinu iliyogunduliwa mwaka 1886, ilikuwa adimu na ghali mno.

Hata uchakavu una kanuni. Kutu huanzia maji yanapotuama. Shaba nyekundu husawijika, kisha hugeuka kijani. Masizi hugandamana penye mlango wa tanuri. Mpini hung'aa pale tu unaposhikwa. Asiyeipaka alama hiyo ya mkono amemfuta mchochea moto, na kutuachia mashine isiyomtoa mtu jasho.

Kwa hiyo nasema: naam, anadaiwa. Umbo ni letu kulibuni. Maada hatukuiumba sisi. Mshairi naye aruhusiwa kubuni bahari. Haruhusiwi kusahau kuwa ina chumvi.