Kazi ya Kesho na Elimu ya Ghaibu

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi na washauri humkalisha kijana kitako na kumuuliza: utasomea nini ambacho bado kitakuwa na soko miaka ishirini ijayo? Swali hili huonekana la kidunia tu, la ada na ajira, kumbe linadai jambo zito. Linadai kwamba kesho inajulikana. Aya ya mwisho ya Sura ya Luqman inataja mambo matano yaliyo katika elimu ya Mwenyezi Mungu, na moja kati yake ni kwamba hakuna nafsi inayojua itachuma nini kesho. Waraka wa Yakobo nao, katika sura ya 4, unawakemea wafanyabiashara waliokwisha kupanga mji watakaoufikia, muda watakaokaa na faida watakayorudi nayo. Msikitini na kanisani, basi, onyo ni lile lile. Ninavyolielewa mimi, onyo hilo halimkatazi mtu kupanga. Linamkataza kuujenga mpango wake juu ya utabiri, na anayeishika tofauti hiyo hupanga vizuri zaidi, hata kwa hesabu za kidunia.

Yupo atakayesema: kama kesho haijulikani na riziki inatoka kwa Mungu, tujisumbue kwa nini? Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alimjibu mtu huyo katika kitabu chake cha Ihya. Mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, akakataa kunyoosha mkono eti anamtegemea Mungu, huyo kwake ana wazimu, hana tawakuli. Lakini Ghazali alizipanga njia za riziki kwa madaraja. Kunyoosha mkono kula ni njia ya yakini. Kuchukua masurufu ya safari ni dhana yenye nguvu. Halafu kuna zile za kubahatisha, ambazo mtu akizing'ang'ania hubaki na wasiwasi tu. Ushauri mwingi wa ajira siku hizi umo katika fungu hili la tatu, ingawa huja umevaa suti na tai.

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili unde tunayoiona leo, alisema hadharani kwamba tuache kuwafundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwa kuwa miaka mitano haitapita, au tuseme kumi, kabla mashine haijawashinda. Mitano ilipita na madaktari hao wangali wanatafutwa. Programu zimeingia vyumbani mwao kweli, ila zimeingia kama zana. Na Hinton si mpiga ramli wa uchochoroni; ni mtu aliyeijua teknolojia hiyo kuliko karibu wote, na mwaka 2024 alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mashine aliijua. Ambacho hakukipima sawasawa ni kazi yenyewe ya daktari, ambaye husoma picha, hushauriana na wenzake, huamua kipimo kipi kifuate, na hubeba lawama akikosea. Tazama na upande wa pili. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mwezi Machi 2007, hapakuwa na shule iliyomwandaa mtu kuwa wakala. Leo mawakala wa pesa kwa simu nchini Kenya wanazidi 300,000. Utabiri wetu huizika kazi ingali hai, na ile inayozaliwa haiioni.

Nitaambiwa kwamba wapiga taipu walitoweka, na kila mwenye macho aliona. Naam, aliona. Kompyuta ilikuwa tayari juu ya meza ya jirani. Kuyasoma yaliyopo leo kwa makini ni busara ambayo hakuna dini inayoikataza, na kijana anayekwenda kusomea fani ambayo ofisi zimekwisha kuifunga hawezi kumsingizia Mungu.

Mpango usimame juu ya nini, basi? Mtazame fundi simu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au wa Luthuli Avenue, Nairobi. Simu isiyowaka ikifika mezani kwake, haanzi kwa kubadilisha vipuri. Anashika mita, anapima betri, anapima mahali umeme unapoingilia, kisha anaufuata hatua kwa hatua mpaka pale unapokatikia. Fundi redio wa zamani alifanya hivyo hivyo. Redio imeondoka mezani, lakini kuisaka hitilafu kwa subira kumebaki, na amebaki mtu anayesubiri kifaa chake kirudi kimepona. Vitu viwili hivyo, umahiri uliozama na haja ya binadamu mwenzako, ndivyo mtu anaweza kuvipanga bila kujifanya anajua ghaibu.

Mwanahistoria Ibn Khaldun angenipinga hapa. Katika kitabu chake cha Muqaddima, mwaka 1377, aliandika kwamba aliyekwisha kubobea katika ufundi mmoja ni nadra kuumudu mwingine, akamtolea mfano mshonaji nguo. Pingamizi hili lina uzito, na wanaohubiri kwamba kila mtu anaweza kujifunza chochote wakati wowote hawalijibu. Mimi nalikubali nusu. Kutoka redio kwenda simu ni hatua fupi, kwa sababu mzizi ni mmoja. Ila dereva wa lori wa miaka hamsini aliyepokonywa mzigo na reli hawezi kuambiwa ajiongeze, kana kwamba uvivu ndio uliomponza. Tumechukua wajibu wa jamii nzima tukamtwika mtu mmoja, kisha tukauita mpango wa maisha.

Wajibu huo wa kubebana si mgeni: Kitabu cha Mhubiri, sura ya 11, kinashauri kugawa fungu kwa watu saba, hata wanane, maana hujui ni baa gani litakuja. Baadhi ya wafasiri wanasema hiyo ni biashara, usiweke mali yote mahali pamoja. Wengine wanasema ni sadaka. Wanawake wa upatu na VICOBA wameziunganisha tafsiri zote mbili bila kongamano: ninachokupa leo ndicho akiba yangu.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimama mbele ya wanafunzi kutoa nasaha za kazi: acheni kuwaahidi kesho msiyokuwa nayo. Waulizeni ni shida ipi ya watu wangependa kuijua kwa undani, na nani atawafundisha. Naye mwajiri anayenunua mashine mwaka huu, aweke katika bajeti hiyo hiyo fedha za kumfundisha upya mfanyakazi ambaye mashine hiyo inamwondoa.