Mfunge Ngamia Hata Penye Theluji



Rafiki yangu wa Molo, hapa wilayani Tororo, amealikwa na mjomba wake anayeishi Norwe. Desemba atakaa huko wiki tano akijifunza kuteleza juu ya theluji kwa skii. Nilipomuuliza amejiandaaje, alijibu: "Namtegemea Allah. Halinipati ila nililoandikiwa." Maneno ni ya kweli. Lakini je, hilo ni jibu?

Viza ya nchi za Schengen humtaka msafiri awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Yeye alinunua ya bei ya chini kabisa, bila kuuliza kama inalipia ajali za skii. Si kila bima hulipia. Basi akivunjika mguu, nani atalipa? Mama yake Molo atauza ng'ombe. Hapo ndipo penye swali la kimaadili: anadhani amemtegemea Allah, kumbe amewategemea ng'ombe wa mama yake.

Kosa hili si geni. Ibn Abbas amesimulia kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hijja bila masurufu, wakijiita wenye kutawakali, kisha wakifika Makka wanaombaomba. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara, inayoamrisha kuchukua masurufu na kukumbusha kuwa bora yake ni uchamungu. Naye aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, ndipo atawakali.

Wapo watakaosema maandalizi hayazuii kadari. Ni kweli. Philip Boit, jirani yetu Mkenya, alikuwa mkimbiaji asiyewahi kuona theluji. Alianza mazoezi ya skii Finland mwaka 1996. Mwaka 1998, katika Olimpiki ya Nagano, alikuwa wa 92 na wa mwisho katika mbio za kilomita 10. Bingwa Bjørn Dæhlie alimsubiri, akamkumbatia. Miaka miwili ya mazoezi haikumpa ushindi. Ilimfikisha mwisho wa mbio. Juhudi ni yetu, matokeo ni ya Allah.

Kwa hiyo nilimshauri hivi. Auliza bima yake inalipia nini. Aanze sasa kuimarisha magoti na mapaja, na akifika asipande mlima kabla ya kufundishwa. Ajifunze fikihi ya safari: katika madhehebu ya Shafii, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi sala. Akivaa khuffu akiwa na udhu, muda wake wa kupaka maji juu yake ni mchana na usiku mmoja. Tena Desemba jua la kule huzama kabla ya saa kumi alasiri. Asipopanga, sala zitampita akiwa mlimani.

Mwisho, aombe radhi ya mama yake, lakini baada ya kumweleza hatari na gharama zote. Radhi ya asiyejua anachoridhia si radhi kamili.

Juzi alinipigia simu. Bima ameiongezea. Kwa mama bado hajaenda; anasema hilo ndilo gumu zaidi.