Mtoto Asomaye Nyumbani

Somo: Kumbukumbu la Torati 6:4–9; 2 Timotheo 1:5



Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, shule zote zilifungwa. Madarasa matatu yalirudi tarehe 12 Oktoba mwaka ule, na mengine yakangoja hata Januari 2021. Katika miezi hiyo masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, na walimu wengine wakayatuma kwa simu. Shule zimekwisha kufunguliwa zamani, lakini jambo lile halikuondoka. Hata leo mtoto huomba simu jioni ili afanye kazi aliyopewa na mwalimu.

Hatuna budi kuungama. Sisi wazazi tulinunua bando, tukampa mtoto simu, tukaenda zetu kazini, tukadhani tumetimiza wajibu wetu. Jioni tulipokuta daftari tupu na mtoto yumo katika michezo, tulimgombeza. Lakini kosa la kwanza lilikuwa la nani? Ni nani amwachaye mtoto peke yake dukani mchana kutwa, kisha amlaumu kwa kulamba sukari?

Musa alipowapa Waisraeli maneno ya Mungu, aliwaagiza wawafundishe watoto wao wenyewe, nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Naye Mtume Paulo, alipoikumbuka imani ya Timotheo, alimtaja nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Shule ya kwanza ya Timotheo ilikuwa nyumba yao.

Labda utasema, "Mimi sikusoma. Nitamsaidiaje mtoto kwa hesabu nisizozijua?" Ndugu, mtoto hakutaki uwe mwalimu wake. Anataka uwe karibu naye. Tunamjua nyanya mmoja asiyejua kusoma. Wakati shule zilipofungwa, kila asubuhi aliketi kando ya mjukuu wake akichambua maharagwe, nao wakasikiliza kipindi cha redio pamoja. Kipindi kilipokwisha alimwambia, "Haya, mjukuu wangu, nifundishe na mimi." Mtoto akaeleza. Alipokwama, alijua mwenyewe ni wapi hajaelewa, akaandika swali lake ili amwulize mwalimu. Mama yule hakujua jibu hata moja, lakini mtoto hakuacha masomo.

Basi na tufanye hivi. Kwanza, saa ya masomo iwe ileile kila siku, na nyumba yote iiheshimu. Binti asiitwe kwenda kuchota maji au kubeba mtoto, huku kaka yake akiachwa asome. Pili, mtoto aketi mezani, wala si kitandani, akiwa na daftari na kalamu, mahali tunapoweza kumwona. Tatu, kama simu ni moja na watoto ni watatu, wapangiwe zamu, na aliye mdogo asisahauliwe. Nne, apumzike kidogo katikati, anyoshe miguu na kuyapumzisha macho. Mwisho, tumsifu kwa alichoweza kabla ya kumwonyesha alichokosa.

Tena tusimsahau jirani asiye na redio wala simu. Mtoto wake akija kuketi mezani petu, sisi hatupungukiwi na kitu. Kipindi asikiacho mmoja, hata wanne waweza kukisikia.

Wapendwa, tulipowaleta watoto wetu kwenye maji ya Ubatizo, tuliahidi mbele ya Mungu na kanisa lake kwamba tutawalea. Ahadi ile haitimizwi kwa kununua vyombo peke yake. Leo jioni, mtoto afunguapo daftari lake, na tuvute kiti, tuketi kando yake, tumwambie, "Nifundishe na mimi."

Bwana atupe subira, nao watoto wetu wazidi kukua katika hekima na kimo. Amina.