YEYE AMELALA, WEWE UKO MACHO!

Rafiki kijana, niambie ukweli. Ni nani yule ambaye ukisikia jina lake tu, moyo unakwenda mbio? Baba aliyewatelekeza? Mchumba aliyekuacha na mimba? Rafiki aliyekula mtaji wako?

Wangu alikuwa baba mdogo. Baba alipofariki aliuza shamba letu, ada ikakosekana, nikaishia darasa la saba. Miaka mingi nilikuwa nagombana naye usiku kitandani, namtukana, nampiga, asubuhi naamka nimechoka kama niliyelima. Kumbe yeye anakoroma kwake, hana hata habari!

Ndivyo kinyongo kinavyofanya kazi. Ukirudia jambo lile kichwani, mwili haujui kwamba ni la zamani. Damu inachemka upya, usingizi unakimbia, kesho unamfokea mdogo wako asiye na kosa.

Utasema, "Mhubiri, hujui nilichotendwa." Kweli sijui. Lakini sikia habari ya Corrie ten Boom, mwanamke wa Uholanzi. Mwaka 1944 alikamatwa na Wajerumani kwa sababu familia yake iliwaficha Wayahudi. Baba yake mzee akafa akiwa mfungwa. Dada yake Betsie akafia katika kambi ya mateso ya Ravensbrück. Mwaka 1947 Corrie alikwenda kuhubiri msamaha mjini Munich. Mkutano ulipokwisha mtu mmoja akamfuata. Akamtambua: alikuwa mlinzi wa kambi ile ile! Akanyosha mkono, anaomba msamaha.

Corrie akashindwa kuinua mkono wake. Mhubiri mzima! Ndani hakuwa na upendo hata chembe. Akamwomba Yesu amsaidie, akautoa mkono hivyo hivyo, umekauka kama ukuni. Upendo ulikuja baada ya mkono. Umeona? Hakungoja moyo upoe kwanza.

Kusamehe siyo kusema hakukosa. Alikosa! Wala siyo kurudi kwa mtu anayekupiga. Huyo kaa naye mbali, na polisi nenda.

Baba mdogo hajarudisha shamba mpaka leo. Lakini mimi nalala.

Basi hapo ulipo, taja jina lake kwa sauti, useme: "Bwana Yesu, huyu alinitenda hivi na hivi. Sina nguvu ya kumsamehe. Nisamehe na mimi dhambi zangu, ingia moyoni mwangu, uunyoshe wewe mkono wangu. Amina."

Kama umeomba hivyo, jioni njoo mbele ya jukwaa. Tutaomba pamoja.